Mafuta ya Karafuu na Klorofomu Isiyosema



Mafuta ya karafuu, ya makonyo na ya majani, yote yananukia karafuu, kwani yote yana eugenoli kwa wingi. Pua ya mnunuzi yaweza kudanganyika. Lakini iko mashine ambayo si rahisi kuidanganya, nasi twaona yafaa tuijue, maana heshima ya mali yetu imo humo.

Mashine hiyo ni sumaku yenye nguvu sana. Asili yake ni uvumbuzi wa Felix Bloch na Edward Purcell huko Marekani, ambao mwaka 1952 walipewa tuzo ya Nobel. Mafuta kidogo huyeyushwa katika klorofomu, hutiwa katika kichupa chembamba cha kioo, kisha hupitishiwa mawimbi ya redio. Hidrojeni iliyomo katika mafuta hujibu kwa milio mbalimbali, kila moja kwa kadiri ya mahali ilipokaa.

Taabu ni kwamba klorofomu ya kawaida nayo ina hidrojeni. Kwa kuwa ndiyo iliyojaa kichupani, mlio wake ungeufunika ule wa mafuta, mithili ya ngoma inavyomfunika mtu anayenong'ona. Kwa hiyo mafundi hutumia klorofomu ambayo hidrojeni yake imeondolewa ikawekwa deuteri. Huyu ni ndugu wa hidrojeni, mwenye uzito wa kama mara mbili, aliyegunduliwa na Harold Urey mwaka 1931. Deuteri hujibu kwa wimbi jingine kabisa. Kwa wimbi la hidrojeni yu kimya. Tena mlio wake huo wa mbali husikilizwa na mashine ili nguvu ya sumaku isiyumbe.

Deuteri ni haba: katika maji ya kawaida hupatikana kama moja tu kwa kila hidrojeni 6,400. Ndiyo sababu dawa hiyo ni ghali.

Sasa, hayo yatuhusu nini? Mafuta ya karafuu zenyewe yana asetati ya eugenoli. Ya majani huwa nayo kidogo sana. Mlio wa asetati hiyo wajulikana. Mafuta ya kula yakichanganywa nayo hujitangaza kwa mlio wake.

Basi wenye kukeneka, kila debe liandikwe ukweli: karafuu, makonyo au majani. Samaki mmoja akioza, huoza wote. Na debe moja la hila laweza kuwatia shakani wanachama wote.