Mwisho wa Merikebu za Angani za Televisheni

Watu wengi hupenda kutazama michezo ya televisheni inayohusu safari za angani, roboti na viumbe wa sayari nyingine. Lakini ni wachache wanaojiuliza vitu vile huenda wapi mchezo unapokwisha. Vijana wa Kidato cha Pili waliniuliza swali hilo muhula huu, nami nikaona si vyema jibu liishie darasani, maana lina mafunzo ya sayansi, ya fedha na ya historia. Basi nitaeleza kadiri nijuavyo, na mwishoni nitasema neno juu ya bohari yetu wenyewe ya michezo ya kuigiza.

Kwanza yafaa tufahamu vitu hivyo vimeundwa kwa nini. Chumba cha nahodha wa merikebu ya angani, ambacho machoni petu ni chuma na vioo, kwa kawaida ni plaiwudi nyembamba iliyopigiliwa kwenye fremu za mbao na kupakwa rangi upande unaoelekea kamera. Ukizunguka nyuma utaona misumari, nyaya na mbao tupu. Kazi ya seremala wa studio ni kujenga kitu kitakachosimama kwa majuma machache na kupendeza machoni, basi. Hakuambiwa ajenge nyumba ya wajukuu.

Chukueni mfano wa Star Trek, mchezo wa Kimarekani ulioonyeshwa tangu mwaka 1966 mpaka 1969, sehemu zake zikiwa 79. Merikebu ya mchezo huo inaitwa Enterprise, na katika hadithi ni kubwa kuliko meli nyingi za baharini. Mfano wake mkubwa uliopigwa picha ulijengwa mwaka 1964. Una urefu wa mita 3.4 hivi na uzito wa karibu kilo 90. Ulitengenezwa kwa mbao, kwa plastiki iliyolainishwa kwa joto na kufinyangwa, na kwa mabati yaliyokunjwa kuwa mabomba. Upande wake wa kushoto haukumalizwa kama ule wa kulia, kwa sababu nyaya za umeme ziliingilia huko. Wapiga picha wakautazama upande wa kulia, na watazamaji wakaamini kwamba wameiona merikebu nzima.

Vitu vingine havikujengwa kabisa, bali vilinunuliwa dukani. Katika mchezo huo huo, baadhi ya vyombo vya daktari vilikuwa vichupa vya chumvi vya mezani. Vilinunuliwa vikae mezani kama vichupa vya chumvi, lakini umbo lake lilikuwa geni mno, ikaogopwa kwamba mtazamaji hatatambua ni vya nini. Basi akapewa daktari, vikawa vyombo vya kupimia wagonjwa.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Mchezo ukiisha, vitu hivi hufuata mojawapo ya njia tano.

Njia ya kwanza ni kuvunjwa, na ndiyo inayofuatwa na vitu vingi. Jumba la studio ni kama meza ya sokoni: huyu akiondoka, mwingine anangoja kupanga bidhaa zake. Kila siku ambayo mandhari ya zamani yamesimama ni siku ya kulipa pango bila kupata faida. Kwa hiyo maseremala huingia na nyundo, mbao nzuri huwekwa kando kwa kazi nyingine, na zilizobaki hupelekwa jalalani. Tusiwalaumu upesi. Katika miaka ile wenye televisheni waliuhesabu mchezo kama gazeti la siku: ukishasomwa, umekwisha.

Hata picha zenyewe hazikusalimika. Shirika la BBC la Uingereza lilianza kuonyesha Doctor Who tarehe 23 Novemba 1963, mchezo wa msafiri anayepita katika nyakati zote kwa chombo chenye umbo la kibanda cha polisi. Kanda za kurekodia zilikuwa ghali, basi nyingi zikafutwa ili zitumiwe tena, na sehemu nyingi za mchezo huo zikapotea. Lakini nakala za filamu zilikuwa zimekwisha kupelekwa kwenye vituo vya televisheni vya nchi za ng'ambo. Mwezi wa Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba sehemu 9 zilizokuwa hazipo zimepatikana Jos, nchini Nijeria. Kilichofutwa London kilikuwa kimetulia rafuni Afrika miaka yote hiyo.

Njia ya pili ni kutumiwa tena. Mwenye studio ni kama mshonaji mwenye watoto wengi: kanzu ya mkubwa hupunguzwa ikavaliwa na mdogo. Roboti aitwaye Robby alitengenezwa kwa picha ya sinema ya Forbidden Planet ya mwaka 1956. Baadaye alionekana katika michezo ya televisheni ya The Twilight Zone na Lost in Space, kila mara akiwa na kazi nyingine. Hali kadhalika, vijia vya ndani ya merikebu vilivyojengwa kwa picha ya sinema ya Star Trek ya mwaka 1979 vilibadilishwa na kupakwa rangi mpya, vikatumika katika mchezo mpya wa televisheni ulioanza mwaka 1987. Mtazamaji aliyeona vyote viwili alipita katika ujia ule ule bila kujua.

Njia ya tatu ni kutangatanga. Kitu huazimwa, au hutolewa zawadi, au huchukuliwa na mfanyakazi siku ya mwisho, kisha hupita mikononi mwa watu wengi bila hati. Zaidi ya ule mfano mkubwa wa Enterprise, ulikuwako mdogo, wenye urefu wa sentimita 84 hivi, ambao ulitengenezwa kwanza. Mwenye kuubuni mchezo, Gene Roddenberry, alikuwa nao mwenyewe, akauazimisha mwishoni mwa miaka ya 1970, usirudi tena. Mwaka 1991 alifariki bila kuuona. Mwaka 2023 ulionekana ghafula ukiuzwa katika mnada wa intaneti, na mwezi wa Aprili 2024 ukarudishwa kwa mwanawe. Zaidi ya miaka 40 ilikuwa imepita.

Chombo kingine cha mchezo huo ni Galileo, chombo kidogo cha kutelemkia kwenye sayari. Huo haukuwa mfano wa mezani, maana waigizaji walisimama kando yake na kuonekana wakiingia. Baada ya mchezo kuisha kiliuzwa huku na huku, kikakaa nje kwenye mvua na jua, mbao zikaoza. Wapenzi wake walikinunua katika mnada mwaka 2012, wakakitengeneza upya, na mwezi wa Julai 2013 kikawekwa katika kituo cha maonyesho ya safari za angani cha Houston, Marekani. Kilikaribia sana kuwa kuni.

Njia ya nne ni mnada. Kadiri watoto waliotazama michezo ile walivyokua na kupata fedha, ndivyo bei ilivyopanda. Kiti cha nahodha wa Enterprise kiliuzwa mwaka 2002 kwa zaidi ya dola 300,000. Mwezi wa Oktoba 2006 nyumba ya mnada ya Christie's ilinadi mjini New York vitu zaidi ya 1,000 vya Star Trek kwa siku tatu, na mfano mmoja wa merikebu ukapata dola 576,000. Mwaka 2017 yule roboti Robby aliuzwa pamoja na gari lake kwa dola 5,375,000. Mwanafunzi wa hesabu atauliza: mbao, plastiki na taa zinawezaje kuwa na bei hiyo? Jibu ni kwamba anayenunua halipi bei ya mbao. Hulipa bei ya uchache, na ya kumbukumbu zake mwenyewe, na hasa ya uhakika kwamba kitu ni chenyewe wala si cha kuigwa. Kitu kisicho na historia iliyoandikwa huuzwa kwa bei ndogo, hata kama ni cha kweli. Hapo mtaona faida ya karani mwangalifu mwenye daftari.

Njia ya tano ni nyumba ya makumbusho, na hii ndiyo njia nyembamba kuliko zote. Ule mfano mkubwa wa Enterprise ulitolewa mwaka 1974 kwa Makumbusho ya Taifa ya Anga ya Smithsonian, mjini Washington. Ulitengenezwa mara kadhaa, na mara nyingine watengenezaji waliongeza rangi na mistari ambayo haikuwako hapo kwanza. Kwa miaka mingi ulikaa katika duka la makumbusho, mahali pa kununulia zawadi. Halafu ulishushwa ukachunguzwa kwa makini, na mwezi wa Julai 2016, mchezo ulipokaribia kutimiza miaka 50, ukawekwa katika ukumbi mkuu.

Kazi ile yafaa isomwe na kila mwanafunzi wa sayansi. Wataalamu waliupiga mfano eksirei, kama mgonjwa hospitalini, ili waone mbao na nyaya za ndani bila kuufungua. Waliomba watu walete picha za zamani walizopiga wenyewe. Walichunguza tabaka za rangi moja baada ya nyingine, wakakuta kwamba upande wa juu wa ile sahani kubwa ya mbele ulikuwa bado na rangi yake ya miaka ya 1960. Hiyo wakaiacha, wakaifanya kipimo cha rangi ya sehemu nyingine. Taa za ndani wakaziweka za LED, zisizotoa joto jingi, kwa kuwa globu za zamani zinapowaka hutoa joto linaloweza kuharibu plastiki na rangi. Nao walichagua siku ya kuurudisha: uonekane kama ulivyokuwa mwezi wa Agosti 1967, ulipokuwa kazini. Mtengenezaji asiyechagua hivyo huishia kutengeneza kitu ambacho hakikuwako siku yoyote.

Si kila kitu kinaweza kuokolewa. Nyuso za viumbe wa ajabu hutengenezwa mara nyingi kwa mpira wa sponji, na mpira huo huliwa na hewa yenyewe. Oksijeni, mwanga na unyevu huikata minyororo mirefu ya molekuli zake, ukaanza kunata au kukauka, kisha ukameguka kama mkate mkavu. Wanaoutunza huuweka gizani, mahali penye ubaridi na ukavu, lakini hata hivyo huchelewesha tu.

Pengine mzazi mmoja atauliza: je, ni haki fedha na akili nyingi namna hii zitumike kwa vitu vya mchezo? Nami namjibu kwamba vitu hivi ni ushahidi. Sehemu ya mwisho ya mchezo ule wa kwanza wa Star Trek ilionyeshwa mwezi wa Juni 1969, na mwezi uliofuata, tarehe 20 Julai, watu wawili wakatua mwezini. Mafundi wale walikuwa wakichora kwa mbao na rangi jambo ambalo binadamu alikuwa bado hajalifanya. Mwaka 1976, baada ya watazamaji wengi kumwandikia barua Rais Ford, chombo cha majaribio cha Marekani cha kwenda na kurudi angani kikaitwa Enterprise. Jina lilitoka kwenye mbao likaenda kwenye chuma. Anayetaka kujua watu wa wakati fulani waliitarajia kesho ya namna gani, atazame vitu walivyovibuni.

Sasa nije kwenye bohari yetu. Wote mnajua kwamba chumba kile kinatakiwa kiwe wazi kabla ya mwisho wa muhula, ili kipanuliwe maabara. Haja hiyo ni ya kweli, nami siipingi. Baadhi ya wanafunzi wanasema tuchome vyote. Wengine wanasema tusiguse hata kimoja. Wale studio walijaribu njia zote mbili kabla yetu, na faida na hasara zake tumekwisha kuziona. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Lakini vilevile bohari iliyojaa takataka haimfundishi mtu kitu.

Ninashauri hivi. Kila kitu kipigwe picha na kuandikwa katika daftari: ni cha mchezo gani, mwaka gani, nani alikitengeneza na kwa vitu gani. Mbao na turubai nzima zirudi kwa seremala wa shule, zitumike tena. Vilivyooza na kuliwa na mchwa vichomwe. Vichache, visivyozidi sanduku mbili, vihifadhiwe katika maktaba mahali pakavu: mikuki ya Kinjeketile, taji la kadibodi la Juliasi Kaizari, na ile roketi ya mabati ya debe ambayo wanafunzi waliitengeneza kwa mchezo wao wenyewe. Wazazi waliosoma hapa na wenye picha za michezo ya zamani wanaombwa wazilete tuzitolee nakala; tutazirudisha.

Daftari liko tayari katika chumba cha walimu. Jumamosi baada ya kufua, wanaojitolea waje wakiwa na kalamu, kitambaa cha kufutia vumbi, na kumbukumbu walizonazo.