Kabla Droni Yako Haijapaa: Mwongozo kwa Mkazi Anayeanza

Ukisimama Upper Hill mchana utaona ndege ndogo zikipaa na kutua Wilson, moja baada ya nyingine. Baadhi hubeba watalii wanaoelekea Mara. Nyingine hubeba wagonjwa, kwa kuwa ndege za madaktari wa AMREF zina makao uwanjani humo. Anga hiyo hiyo ndiyo anayoitazama kijana wa Kilimani, Kawangware au Westlands anapotamani kurusha droni aliyoiunda kwa mikono yake.

Hamu hiyo ni njema, kwani anayeunda droni hujifunza umeme, hesabu, programu za kompyuta na subira. Lakini droni ya nusu kilo ikigongana na ndege inayotua, maisha ya watu yamo hatarini. Kwa hiyo mafunzo yaanze mezani, yaendelee kwenye kompyuta, na anga ije mwisho.

Anga ina wenyewe

Kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020 husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Nchini, KCAA. Ofisi ya wadi au ya kaunti haiwezi kukupa kibali cha kurusha droni. Kila droni husajiliwa na KCAA, na mmiliki awe ametimiza miaka 18. Kuiunda mwenyewe hakukuondolei wajibu huo. Kabla ya kuagiza droni au vipuri kutoka nje, pata kwanza maelekezo ya KCAA kuhusu kibali cha kuingiza, usije ukaona mzigo wako umezuiliwa.

Bila idhini, huruhusiwi kurusha droni ndani ya kilomita 10 kutoka viwanja vikubwa vya ndege, au kilomita 7 kutoka vile vidogo. Usipande zaidi ya futi 400, yaani takriban mita 120, urefu unaozidi kidogo ule wa jumba la KICC. Kaa angalau mita 50 mbali na watu, magari na majengo yasiyokuhusu.

Sasa tazama ramani. Kutoka Wilson hadi KICC ni chini ya kilomita 5. Westlands, Lavington, Kawangware na hata uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road zote zimo ndani ya kilomita 10. Upande wa pili wa mji kuna uwanja wa jeshi la anga wa Eastleigh. Kwa ufupi, paa la ploti yako si mahali pa kujifunzia. Katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi nako unahitaji idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Inapaaje?

Droni ya kawaida ya kujifunzia ina mota nne, kila moja ikiwa na rafadha, yaani panga zinazozunguka. Mota ikizungusha rafadha upande mmoja, huisukuma fremu upande wa pili. Ndiyo maana mota mbili huzunguka kulia na mbili kushoto, ili nguvu hizo zifutane. Ukitaka droni igeuke, bodi ya udhibiti huongeza kasi ya mota mbili za upande mmoja wa mzunguko na kupunguza zile nyingine. Ukitaka iende mbele, mota za nyuma huongeza kasi na pua huinama.

Kanuni ya mafundi ni kwamba mota zote pamoja ziweze kuinua angalau mara mbili ya uzito wa droni. Droni ya gramu 600 inahitaji mota zinazoinua gramu 1,200, yaani 300 kila moja. Hapa Nairobi ongeza kidogo. Jiji letu liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani. Mota inayoinua gramu 300 Mombasa itainua kama 255 hapa kwa kasi ile ile ya mzunguko.

Mezani

Vifaa vya kulehemu, nyaya na multimita utavipata Luthuli Avenue. Jizoeze kwanza kulehemu vipande vya nyaya kuukuu. Ukimaliza kuunganisha, pima kwa multimita kama waya chanya na hasi zimegusana kabla ya kuweka betri.

Rafadha zifungwe mwisho kabisa. Majaribio yote ya mezani yafanywe bila rafadha, kwa sababu zikizunguka hukata kidole kama kisu. Hakikisha kila mota inazunguka upande unaotakiwa. Kisha, mota zikiwa zinazunguka, zima rimoti. Zisiposimama zenyewe, droni hiyo haiko tayari kutoka nje.

Betri

Betri za lithiamu hushika moto zikitobolewa au zikichajiwa vibaya. Seli moja isizidi volti 4.2 wala isishuke chini ya 3.5 hivi. Ukiiweka kabatini, iache kwenye 3.8. Tumia chaja inayosawazisha seli, chaji juu ya sakafu ya saruji, na usiondoke wala kulala. Katika fleti, usichajie mlangoni, maana huko ndiko njia yenu ya kutokea. Betri iliyovimba haitumiki tena, wala haitupwi kwenye pipa la taka za nyumbani. Moto ukizuka, tokeni nje na mpige 999 au 112.

Kujifunza kurusha

Anza na programu ya kompyuta inayoigiza urushaji, ukitumia rimoti ile ile utakayorushia. Kuanguka huko hakukugharimu kitu. Ukiweza kuelea mahali pamoja, kugeuka na kutua bila kugonga, chukua droni ndogo ya kiganjani na ujizoeze ndani ya ukumbi, kwa idhini ya mwenyewe. Kisha tafuta shule iliyoidhinishwa na KCAA, au eneo la wazi nje ya mipaka ya viwanja, ukiwa na ruhusa ya mwenye shamba na uthibitisho wa KCAA.

Ukiwa nje, rusha mchana na uione droni kwa macho yako wakati wote. Ukivaa miwani ya video, awepo mwenzako wa kuitazama. Ukisikia ndege au helikopta, tua mara moja. Mwewe nao hushambulia droni, basi wakianza kuizunguka, ishushe.

Usipige picha ndani ya ua au dirisha la jirani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda, na urafiki wa majirani ukivunjika haulehemiki.

Kwa mzazi

Mtoto akikuomba droni, usimkatalie kwa woga wala usimnunulie kimyakimya. Droni isajiliwe kwa jina lako wewe mtu mzima, na wewe ndiwe utakayewajibika. Keti naye mezani wakati wa kulehemu, na betri inapochajiwa uwepo. Fomu za usajili na orodha ya shule zilizoidhinishwa ziulize KCAA.