Ladha Iliyo Puani

Mtu wa Soweto, pale Moshi, akishikwa na mafua katika baridi ya Julai, aghalabu hulalamika kwamba kahawa yake imegeuka maji ya moto yenye uchungu tu, akamlaumu aliyeipika, ilhali kahawa ni ile ile na ulimi wake ni mzima, ila maradhi yamemkaa puani.

Tumezoea kuhesabu milango mitano ya fahamu kana kwamba kila mmoja una nyumba yake. Walakini pua na kinywa ni vyumba viwili vya nyumba moja, vikutanavyo nyuma ya kaakaa. Ulimi, pamoja na vinundu vyake vyote, hutambua mambo machache: utamu, uchungu, uchachu, chumvi, na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Ndiyo sababu mwenye mafua anywapo mbege, ile pombe ya ndizi, huuonja bado uchungu wa gome la msesewe, lakini harufu ya ndizi mbivu humpita.

Harufu hiyo hupokelewa juu kabisa ndani ya pua, katika utando mdogo ambao mishipa yake ya fahamu hupenya mfupa wenye matundu kama chekeche na kuingia ubongoni. Richard Axel na Linda Buck wa Marekani, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2004, walibainisha jamii kubwa ya vipokezi vya harufu. Na binadamu anavyo aina zipatazo 400.

Ushirika huo wa pua na kinywa waonjaji kahawa wa Moshi huutumia kila siku. Muonjaji humimina maji ya moto juu ya unga wa buni, husubiri dakika chache, huuvunja kwa kijiko utando uliotanda juu huku ameinamisha pua. Kisha huivuta kahawa kwa kelele ambayo mezani ingehesabiwa utovu wa adabu, ili itawanyike kinywani kama manyunyu na mvuke wake upande puani kwa njia ya nyuma, ndipo huitema. Hukumu yake huongoza daraja ya kahawa iendayo mnadani.

Nawe msomaji, ukitaka yakini, bana pua zako, piga funda moja la kahawa, kisha ziachie: kile kitakachofumka ghafula ndicho ulichokuwa ukikiita ladha ya ulimi.