Uwezo wa Viziduo vya Likeni wa Kutuliza Mchochota: Mfano wa Asidi ya Usniki

Likeni si mmea. Ni ushirika wa kuvu na mwani, au wa kuvu na sianobakteria, unaoonekana kwa macho kama kiumbe kimoja. Kuvu katika ushirika huo hutengeneza kemikali nyingi ambazo ni nadra kupatikana kwingineko. Iliyochunguzwa zaidi ni asidi ya usniki, dutu ya manjano iliyotengwa na Wilhelm Knop mwaka 1844. Hupatikana kwa wingi katika jenasi ya Usnea, likeni zinazoning'inia matawini kama ndevu, zikiwemo zile za misitu ya ukungu ya Mlima Kilimanjaro. Makala haya yanafafanua jinsi ushahidi kwamba asidi hiyo hutuliza mchochota unavyopaswa kusomwa. Istilahi ya mchochota imeteuliwa badala ya uvimbe, kwa kuwa uvimbe humaanisha pia kinundu kisichohusiana na mada hii.

Jaribio linalotumika sana hufanywa kwa seli za makrofaji za panya, hususan aina ya RAW 264.7. Seli huchokozwa kwa lipopolisakaridi, sehemu ya utando wa nje wa baadhi ya bakteria. Protini ya NF-κB huingia katika kiini cha seli na kuamsha jeni za mchochota, kisha seli hutoa oksidi ya nitriki na TNF-alfa. Asidi ya usniki inapoongezwa, viwango vya vyote viwili hushuka. Tafsiri iliyozoeleka ni kwamba asidi hiyo huzuia njia ya NF-κB.

Tafsiri hiyo yaweza kuwa sahihi, lakini haijitoshelezi. Asidi ya usniki huyeyuka katika mafuta na huweza kupitisha protoni katika utando wa ndani wa mitokondria. Protoni zikivuja hivyo, nishati ya chakula hupotea kama joto badala ya kutengeneza ATP. Seli iliyopungukiwa ATP hushindwa kuunda protini, na TNF-alfa ni protini. Kimeng'enya kinachozalisha oksidi ya nitriki nacho ni protini. Hivyo seli iliyotulizwa na seli inayokufa huweza kutoa usomaji uleule. Kipimo cha uhai wa seli cha MTT, ambacho tafiti nyingi hukitegemea peke yake, hutumia vimeng'enya vya seli hai, vikiwemo vya mitokondria, yaani mahali palepale asidi hiyo inaposhambulia. Ni vyema kiambatane na kipimo cha kuvuja kwa laktati dihidrojenesi, na mtafiti aoneshe pengo lililopo kati ya dozi inayopunguza oksidi ya nitriki kwa nusu na dozi inayoua nusu ya seli. Pengo likiwa finyu, neno "uwezo" halistahili kutumika.

Hoja hii si ya maabara tu. Mwezi Novemba 2001, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya watumiaji waache LipoKinetix, bidhaa ya kupunguza uzito iliyokuwa na asidi ya usniki, baada ya taarifa za watu kupata madhara makubwa ya ini. Bidhaa hiyo ilikuwa na viambato vingine pia, ikiwemo kafeini, kwa hiyo lawama yote haiwezi kubebeshwa asidi ya usniki. Hata hivyo, ini ni kiungo chenye mitokondria nyingi, na kisa hicho kinalingana na utendaji ulioelezwa hapo juu.

Suala la kiyeyushi nalo hupuuzwa mno. Cetraria islandica imetumika Ulaya kwa muda mrefu dhidi ya muwasho wa koo na kikohozi kikavu, na Shirika la Dawa la Ulaya huitambua kwa msingi wa matumizi ya jadi. Matayarisho yake ya jadi ni ya maji, na maji ya moto hutoa hasa polisakaridi kama likenini, ambazo hufunika utando wa koo kwa ute. Asetoni huacha polisakaridi hizo na kuchukua asidi za likeni, ikiwemo asidi ya protolikesterini, ambayo huzuia kimeng'enya cha 5-lipoksijenesi kinachoanzisha uundaji wa leukotrini. Hivi ni viziduo viwili tofauti vya likeni moja. Tasnifu inayotaja kikombe cha bibi wa Iceland katika utangulizi, kisha ikapima kiziduo cha asetoni katika sura ya matokeo, imepima kitu ambacho bibi huyo hakuwahi kukinywa.