Ukuta wa giza chini ya mwamba wa Misali

Maji ya bamvua yakipwa, miamba ya Misali, kisiwa kidogo magharibi ya Chake Chake, huonekana imelika chini kama uyoga. Pengine mliko huo huzama ndani hata ukawa pango, nusu maji, nusu hewa.

Mwamba wenyewe ni matumbawe ya kale. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo. Iliposhuka ikayaacha makavu. Mawimbi huyabomoa, lakini yana wasaidizi: konokono wakikwangua mwani hung'oa na chembe za jiwe, na wako sifongo wanaolitoboa kwa asidi. Jiwe huliwa, tena kwa maana yake hasa.

Inama mlangoni utazame ukuta. Nje kuna mwani na chaza wanaokata kama wembe. Hatua chache ndani, mwani umekwisha, maana bila jua haupiki chakula. Utadhani pango limekufa. Washa tochi: ukuta mzima umetandwa na sifongo wekundu na wa zambarau, na kati yao vijitumbawe vya manjano, kila kimoja kama kifungo cha shati. Hivi havitegemei jua. Maji yakijaa hukunjua vinyweleo na kudaka vijidudu vinavyoelea. Mezani kwao chakula huandaliwa mara mbili kwa siku, na anayeandaa ni bahari. Kwenye nyufa hushinda kambakoche na mkunga wakingoja usiku; mkono usiutie humo.

Giza hilo hufanana na la vilindini. Mwaka 1995 watafiti wa Ufaransa walieleza sifongo wa jamaa ya wale wa kilindini, waliyemkuta pangoni katika Bahari ya Mediterania. Hachuji maji kama wenzake. Hunasa vijikamba na kuvila.

Misali imehifadhiwa tangu 1998, na wavuvi wanayo mapango yake wanayoyaheshimu kwa mizimu. Sitaingilia hayo. Ila ule mguno unaosikika wimbi likipiga ndani ya pango la namna hii ni hewa iliyobanwa darini ikitafuta pa kutokea. Ukiusikia nawe umo ndani, toka: huenda maji yanajaa, na dari ya mlangoni yaweza kuwa ndiyo ya chini zaidi.