Mvinyo mweupe wa asili: Kutoka mbeta za mianzi hadi zabibu za Dodoma

KATIKA hoteli nyingi za mijini nchini Tanzania, anayeagiza mvinyo mweupe huletewa chupa iliyosafiri kutoka Afrika Kusini au Ulaya, na bei yake huendana na urefu wa safari hiyo. Morogoro, mji ambao wenyeji huupenda kwa jina la "mji kasoro bahari", haujaepuka mazoea hayo.

Hata hivyo, mji huo ulio chini ya Milima ya Uluguru uko katikati ya maeneo matatu yenye vinywaji vya namna hiyo. Mashariki ni pwani ya wagema wa mnazi. Kusini-magharibi, kwa barabara ya Mikumi, ni nyanda za juu zenye mianzi ya ulanzi. Magharibi, kiasi cha kilometa 260, ni Dodoma yenye mashamba ya zabibu.

Neno "asili" limezua ubishi mrefu miongoni mwa watengenezaji wa mvinyo duniani. Mwaka 2020 Ufaransa ilianza kutumia chapa maalumu ya mvinyo wa aina hiyo. Masharti yake ni kwamba zabibu zitokane na kilimo kisichotumia kemikali, zichumwe kwa mkono, zichachuke kwa hamira zilizo kwenye maganda yake, na salfaiti, yaani dawa ya salfa inayozuia mvinyo kuharibika, isizidi miligramu 30 kwa lita. Kwa mvinyo mweupe mkavu wa kawaida, sheria za Umoja wa Ulaya huruhusu hadi miligramu 200.

Kwa kipimo hicho, mgema wa ulanzi amekuwa akitimiza masharti hayo bila kujua kuwa yapo. Tatizo ni moja tu: Ulaya hailiiti mvinyo jambo lolote lisilotokana na zabibu. Kwa Kiswahili ubishi huo hauna uzito mkubwa.

Ulanzi, unaosifika zaidi Iringa na Njombe, hupatikana kwa kukata ncha ya chipukizi changa la mwanzi na kufunga chini yake mbeta, kipande cha mwanzi mkavu kinachopokea utomvu. Jeraha hukatwa upya asubuhi na jioni ili utomvu usizibe. Kazi hiyo hufanyika msimu wa mvua, wakati machipukizi yanapoota kwa kasi.

Hakuna anayetia hamira. Vijidudu vilivyomo hewani na ndani ya mbeta huanza kazi mara tone la kwanza linapodondoka. Unaonywewa mapema ni mtamu, nao huitwa mtogwa. Uliokaa na kukomaa huitwa mkangafu, na jina lenyewe linatosha kumwonya mgeni. Weupe wake, kama ule wa tembo la mnazi, hutokana na hamira na bakteria wanaoelea ndani yake, si dalili ya uchafu.

Tembo la mnazi lina haraka zaidi. Ndani ya saa chache tangu literemshwe linakuwa na kileo cha kutosha kulewesha, na baada ya siku moja au mbili huelekea kuwa siki. Hapo ndipo thamani yake na udhaifu wake vinapokutana. Kinywaji kilicho hai hakikubali kufungwa: ukikiziba katika chupa huendelea kutoa hewa mpaka chupa ipasuke, na ukikichemsha ili kukituliza unaua uhai uliokipa ladha. Ndiyo maana mgema huuza karibu na anapogema, kwa bei ya siku hiyohiyo, huku hoteli iliyo mjini ikiagiza chupa kutoka ng'ambo.

Wapo wanaouliza kwa nini zabibu hazijazwi katika Milima ya Uluguru, ambako karibu kila kitu huota. Jibu ni mvua. Miteremko ya mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, neema kwa ndizi, mananasi na Mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam, lakini balaa kwa mzabibu, ambao majani na matunda yake hushambuliwa na ukungu penye unyevu. Dodoma hupata takriban milimita 570, kisha ukame wa miezi mingi. Huko mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Zabibu nyeupe inayojulikana zaidi Dodoma ni Chenin Blanc. Asili yake ni bonde la Mto Loire nchini Ufaransa, na sifa yake kubwa ni kutopoteza ukali wa ndimu hata penye joto. Ni jambo la kufurahisha kwamba bonde hilohilo ni miongoni mwa vitovu vya mvinyo wa asili. Mkulima Nicolas Joly amejulikana duniani kwa Chenin Blanc anayoilima bila kemikali. Kwa maneno mengine, mkulima wa Dodoma anayo zabibu inayofaa.

Kinachokosekana ni baridi. Mvinyo mweupe hutengenezwa kwa juisi iliyotenganishwa mapema na maganda, na pamoja na maganda huondoka tanini, kinga inayousaidia mvinyo mwekundu kudumu. Kwa hiyo mweupe huachwa bila ngao, na huhitaji ama salfa, ama mapipa yanayopozwa kwa umeme. Mkulima mdogo hana pipa la namna hiyo. Zabibu zake zikiiva hana siku za kusubiri, na wakulima wa Dodoma wamelalamika mara kwa mara kuwa msimu ukifika wanunuzi huwa wachache.

Njia mojawapo inayostahili kujaribiwa ni ile ya Georgia, nchi ya Kaukasi ambako juisi na maganda huchachuka pamoja ndani ya mitungi mikubwa ya udongo iliyozikwa ardhini. Ardhi ndiyo inayopoza, na maganda ndiyo yanayolinda. Mvinyo hutoka na rangi ya asali. Mwaka 2013 UNESCO iliutambua ufundi huo kuwa urithi wa binadamu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichopo Morogoro tangu 1984 na kinachofundisha sayansi ya chakula, kiko mahali pazuri pa kufanya majaribio ya aina hiyo, iwe kwa zabibu za Dodoma au kwa mananasi ya Uluguru.

Kwa mnywaji, tahadhari chache zinatosha. Ukungu katika chupa si kasoro. Harufu kali ya siki ndiyo kasoro. Neno "asili" kwenye lebo halithibitishi kitu mpaka orodha ya viambato isomwe. Kwa ulanzi na tembo, hatari kubwa ni maji machafu na chombo kisichooshwa, na wahenga walishasema kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mvua zinapokwisha machipukizi hukomaa na kuwa magumu, na mbeta huteremshwa hadi msimu mwingine. Wakati huo, Dodoma hujiandaa kwa mavuno ya pili ya zabibu.