Meki Si Mechi: Istilahi za Kanuni za Kuunda Timu za Marubani

"Kila timu italeta mechi nne zisizozidi tani 240." Sentensi hii tuliletewa na mwalimu mmoja wa shule ya sekondari, akitaka kujua kama tafsiri yake ilikuwa sawa. Vijana wa klabu ya kompyuta shuleni kwake walikuwa wametamani kuingia katika ligi ya mapigano ya mitambo inayochezwa kwa mtandao, na kanuni za ligi hiyo ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu, kwa wema wake, alikesha siku mbili akizifasiri. Vijana walizisoma wakaelewa kwamba kila timu itacheza mara nne. Kuhusu hizo tani hawakuwa na la kusema, wakazipita.

Mwalimu huyu hakufanya kosa la uvivu. Alikutana na neno ambalo Kiswahili hakijalipokea, akaliandika kama alivyoliona katika maandishi ya Kiingereza, na kwa bahati mbaya umbo alilolipata lilikuwa tayari lina mwenyewe. Mechi ni pambano. Kila mpenzi wa kandanda analijua. Alichokusudia yeye ni mtambo. Katika makala haya tutajaribu kueleza dhana zilizomo katika kanuni za namna hii na istilahi tunazozipendekeza. Yamkini msomaji atauliza kama michezo ya vijana inastahili kurasa za jarida hili. Jibu letu ni kwamba kanuni ni kanuni. Anayeshindwa kusema kwa Kiswahili ni nani anaruhusiwa kuingia katika timu na nani haruhusiwi, atashindwa vilevile kuandika masharti ya zabuni au katiba ya chama cha ushirika.

Kwanza historia kidogo. Mwaka 1984 kampuni ya FASA ya Chicago, Marekani, ilitoa mchezo wa mezani ulioitwa BattleDroids, ambamo mitambo mikubwa ya vita yenye miguu hupigana juu ya ramani. Mwaka uliofuata mchezo huo ulipewa jina la BattleTech, kwa sababu Lucasfilm ilidai haki juu ya neno mojawapo lililomo katika jina la kwanza. (Wanaodhani istilahi ni shughuli ya wanaisimu peke yao na walikumbuke hilo.) Kutokana na mchezo huo ilizaliwa michezo ya kompyuta: MechWarrior mwaka 1989, na baada ya mingine kadhaa, MechWarrior Online, uliotolewa rasmi mwaka 2013 na kampuni ya Piranha Games ya Kanada. Katika huu, kila mchezaji huketi mbele ya kompyuta yake popote alipo, na aghalabu watu 12 hupambana na watu 12.

Mtambo wenyewe tuuiteje? Wako wanaosema roboti. Hatukubaliani nao, kwa kuwa roboti hujiendesha, na mtambo huu hauendi popote bila ya mtu aliyeketi ndani yake. Wengine walipendekeza deraya, neno zuri tulilolizoea katika magari ya deraya. Lakini deraya ni lile vazi la chuma, na kanuni huhitaji neno hilo kwa kazi yake hiyo hiyo, kwani mtambo huwa na deraya nene kifuani na nyembamba mgongoni. Tunapendekeza meki. Neno la Kiingereza limekatwa kutoka katika shina lile lile lililotupa makanika, na sauti ya k ndiyo ya asili yake. Meki hii, meki hizi. Kwa herufi moja tu mwalimu wetu angalisalimika.

Anayeiendesha meki ni rubani. Hapa hatukuhitaji kubuni chochote. Rubani wa zamani alikuwa mjuzi wa mikondo na miamba, aliyekiongoza chombo kuingia bandarini. Zilipokuja ndege neno likapanda hewani bila ya mtu kulalamika, na sasa linaweza kushuka tena likaingia katika kichwa cha mtambo unaotembea. Mkuu wa timu aitwe nahodha, kama ilivyo katika kandanda. Tunafurahi kuona maneno haya mawili ya baharini yamekutana tena, ijapokuwa jahazini rubani alikuwa mmoja na humu wote ni marubani, nahodha akiwemo.

Lakini rubani asichanganywe na mchezaji. Mchezaji ni mtu wa nyama na damu. Rubani ni jina analojiandikishia katika mchezo. Mtu mmoja aweza kuwa na majina mawili, na hapo ndipo udanganyifu unapoingia, maana kwa jina moja atakuwa katika timu hii na kwa jina la pili katika timu ile. Kanuni inayosema "rubani asiandikishwe katika timu mbili" haimzuii mtu huyo hata kidogo, kwa sababu kila rubani wake yuko katika timu moja tu. Inayomzuia ni hii: "mchezaji asiandikishwe katika timu mbili, hata kwa majina mbalimbali ya urubani." Mfasiri anayeyatumia maneno haya mawili kwa kubadilishana, kwa ajili ya kupendezesha mtindo, anaufungua mlango uliokuwa umefungwa.

Sasa tufike penye ugumu zaidi, yaani majina ya makundi. Kiingereza cha michezo hii kina maneno matano au sita ya watu walio pamoja, nasi katika tafsiri tulizoziona tumekuta yote yamefasiriwa kikosi. Kosa hili lina sababu. Kikosi ni neno la jeshi na pia ni neno la wachambuzi wa kandanda, na linaitikia wito wowote. Ila kanuni ikisema kwamba "kikosi kitakuwa na vikosi vitatu, na kikosi chochote kisichotimia hakitahesabiwa", msomaji ana haki ya kuitupa karatasi.

Tunapendekeza mgawo ufuatao. Timu ni lile shirika lililoandikishwa, lenye jina, nahodha, na orodha ya wachezaji pamoja na wa akiba. Kikosi ni wale tu wanaoingia katika mechi fulani. Timu yaweza kuwa na watu 16 katika orodha na ikapeleka kikosi cha 12. Huu ni mgawo ambao watangazaji wetu wa mpira wanao tayari, na hatuna sababu ya kuuvuruga. Chini ya kikosi ni kundi, neno lisilobeba idadi yoyote.

Idadi ndiyo kiini cha tatizo. Katika ulimwengu wa BattleTech mataifa hayahesabu sawa. Majeshi ya mataifa makubwa hupanga meki nne nne, na matatu ya makundi hayo hufanya kombania ya 12. Zile jamii zinazoitwa Koo hupanga tano tano, na kundi lao huitwa nyota. Lipo na shirika lingine linalohesabu sita sita. Kwa hiyo mfasiri akiandika "kundi moja" bila ya kutaja idadi, hajasema kitu. Kombania tunaikubali, kwa kuwa waliopita Jeshi la Kujenga Taifa wanaijua, ingawa wataona ajabu kombania ya watu 12. Nyota nayo haina shida.

Kundi la wanne ndilo lililotusumbua. Jina lake la Kiingereza maana yake ni mkuki wa mpandafarasi, nalo lina historia ya kweli: katika Ufaransa ya mwaka 1445 mfalme Charles VII aliunda majeshi ya kudumu yaliyohesabiwa kwa mikuki, na mkuki mmoja ulikuwa na maana ya mpiganaji mwenye deraya pamoja na wafuasi wake, wote wakihesabiwa pamoja. Baadhi ya wenzetu walisema kumwita mtu mkuki si Kiswahili, afadhali tuseme lansi. Sisi tuliwakumbusha misafara ya bara ya karne ya 19, ambayo nguvu yake ilihesabiwa kwa bunduki: msafara wa bunduki mia tatu ulikuwa ni wa watu mia tatu wenye bunduki, na hakuna aliyedhani kwamba bunduki zilitembea peke yake. Njia ya kumhesabu mtu kwa silaha yake tunayo. Kwa hiyo tunapendekeza mkuki, kwa sharti kwamba kifungu cha kwanza cha kanuni kieleze: "Mkuki ni kundi la marubani wanne." Wanaotaka lansi tutaendelea kuwasikiliza, lakini hawajatushawishi.

Kuhusu uzito tutasema kwa ufupi, isipokuwa kwa neno moja. Meki za mchezo huu zina uzito wa kuanzia tani 20 hadi 100, kwa kupanda tano tano, nazo zimegawanywa katika madaraja manne. Za tani 20 hadi 35 ni nyepesi. 40 hadi 55 ni za kati. 60 hadi 75 ni nzito. Daraja la juu, la tani 80 hadi 100, lina jina lenye maana ya shambulio. Tafsiri moja iliandika: "meki za mashambulizi zisizidi mbili katika kila mkuki." Msomaji asiyeujua mchezo ataelewa kwamba mbili zishambulie na mbili zikae! Mwingine aliandika nzito mno, na hilo lina hatari yake, kwa sababu katika kanuni zinazoweka kikomo cha uzito, kilicho kizito mno ni kile kilichokwisha kupita kikomo. Tunapendekeza nzito kabisa. Halina utamu, lakini halidanganyi.

Kikomo chenyewe huwekwa kwa jumla, na neno jumla lisiachwe. Turudi kwa sentensi ya mwalimu: "zisizozidi tani 240." Kila moja, au zote pamoja? Hakuna meki inayozidi tani 100, kwa hiyo kikomo cha 240 kwa kila moja hakina maana. Lakini tusimlazimishe msomaji kukokotoa ili agundue tulichokusudia. Kwa jumla ya tani 240 mkuki unaweza kuchukua Atlas ya tani 100, Timber Wolf ya 75, Blackjack ya 45 na Locust ya 20. Unaweza pia kuchukua nne za tani 60 kila moja. Uamuzi huo ndio unaowafanya vijana wabishane usiku kucha, kwa sababu anayetaka Atlas hana budi kumpata rafiki atakayekubali kupanda Locust.

Tumeweka mwisho lile lililowaumiza vijana wa mwalimu wetu. Kanuni ilitaka timu iandikishe wachezaji wanane au zaidi. Tafsiri ilisema "zaidi ya wanane". Wao walikuwa wanane kamili. Wakaamini kwamba hawatoshi, wakaanza kumtafuta wa tisa, na siku ya mwisho ya kujiandikisha ikapita wangali wanatafuta. Mwalimu alipotusimulia hayo hakucheka, nasi hatukucheka. Tunawaomba wafasiri na watumishi wa serikali wenzetu washike matamshi haya mawili: wasiopungua wanane, wasiozidi kumi na wawili. Katika yote mawili idadi iliyotajwa imo ndani. Zaidi ya huiacha nje, na chini ya pia huiacha nje. Hadi hubishaniwa, likitumika, liongezwe "pamoja na".

Kwa istilahi hizi kifungu cha mwalimu kingeweza kusomeka hivi: "Timu itaandikisha wachezaji wasiopungua wanane wala wasiozidi kumi na wawili. Kwa kila mechi nahodha atateua kikosi cha mikuki miwili. Meki nne za kila mkuki hazitazidi tani 240 kwa jumla, na miongoni mwake nzito kabisa haitazidi moja. Mchezaji wa akiba ataingia kabla ya mechi kuanza, si baadaye." Tulimpelekea kifungu hiki, naye akatujibu kwamba vijana wamekielewa wote isipokuwa mmoja, ambaye aliuliza mikuki itatoka wapi. Kifungu cha maelezo hakikuwa kimesomwa.

Limebaki neno moja ambalo hatujalipatia ufumbuzi. Katika michezo hii zipo timu zinazojinadi kuwa zinapigana kwa malipo, hazina taifa, na jambo hilo humo ndani ni la heshima kabisa. Kamusi inatupa mamluki. Lakini katika michezo ya shule zetu mamluki ni mchezaji asiye mwanafunzi, aliyeingizwa kwa hila ili timu ishinde, na akigunduliwa timu huondolewa. Timu ya mamluki, kwa sikio la mwalimu yeyote wa michezo, ni timu ya wadanganyifu. Tumejaribu askari wa kukodiwa, likawa refu. Tumejaribu timu huru, likafanana na mchezaji asiye na klabu. Wasomaji wenye neno bora, hasa walimu, tunawaomba watuandikie kabla ya kikao kijacho cha kamati ya istilahi.